Je, Wajua? Majenerali, Ikulu na Mapinduzi ya Marekani Yasiyosimuliwa

Je, wajua kwamba jeshi la Marekani liliwahi kubaki na askari 80 tu? Themanini, bila sifuri za ziada. Mwezi Juni 1784, nchi ikiwa imetoka kumshinda mfalme wa Uingereza, Bunge liliagiza jeshi livunjwe na wabaki askari 25 wa kulinda ghala la Fort Pitt na wengine 55 wa kulinda silaha West Point, pamoja na maafisa wachache. Hazina ilikuwa tupu kweli, lakini hiyo haikuwa sababu pekee. Waheshimiwa wale waliliogopa jeshi lao kuliko walivyomwogopa adui, na kwa yaliyowakuta mwaka mmoja kabla, hakuna wa kuwalaumu.

Je, wajua kwamba Bunge hilo liliwahi kukimbizwa na askari wake lenyewe? Juni 1783, mjini Philadelphia, mamia ya askari wenye bunduki walilizunguka jengo lile lile ambamo uhuru ulitangazwa miaka saba nyuma. Walidai malimbikizo ya mishahara. Vilabu vya pombe vya jirani vikawa vinawamiminia vinywaji, na kadiri saa zilivyokwenda ndivyo midomo ilivyozidi kuwa mikali. Bunge likaomba jimbo la Pennsylvania liite wanamgambo wa kuja kuliokoa. Wakubwa wa jimbo wakasita. Mwishowe waheshimiwa walitoka nje wakipita katikati ya askari, na siku chache baadaye wakafungasha virago kwenda Princeton, mji mdogo wa New Jersey.

Ndiyo maana katiba iliyoandikwa miaka minne baadaye ililipa Bunge eneo lake lenyewe, lisilo chini ya jimbo lolote. Eneo hilo ndilo Washington DC. Na kwa kuwa si jimbo, wakazi wake mpaka leo hawana seneta, na mwakilishi wao Bungeni hapigi kura ya kupitisha sheria. Mishahara iliyocheleweshwa mwaka 1783 bado inawagharimu watu ambao hata babu zao walikuwa hawajazaliwa.

Je, wajua kwamba miezi mitatu kabla ya kisa hicho ni miwani iliyowatuliza maafisa wa jeshi hilo hilo? Kambini Newburgh, New York, ilisambazwa barua isiyo na jina. Ilisema: vita vikiisha, tusikubali kuvunjwa mpaka tulipwe; vikiendelea, tuhamie porini tuliache Bunge bila ulinzi. Maafisa hao walikuwa wameahidiwa nusu mshahara maisha yao yote na hawakuona hata senti. Tarehe 15 Machi wakakutana. George Washington, ambaye hakutarajiwa, akaingia ukumbini. Hotuba yake iliwaacha na nyuso zile zile za hasira. Kisha akatoa mfukoni barua ya mbunge mmoja ili awasomee, akajikwaa kwenye maneno, akasita, akachomoa miwani ambayo wengi wao hawakuwahi kumwona nayo. Akawaomba radhi, akisema mvi zimemwota katika utumishi na sasa macho nayo yanaondoka. Wanaume waliozoea mizinga wakafuta machozi. Alipotoka tu, walipiga kura ya kuitii serikali.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa tabia njema, na Washington anastahili sifa yake. Lakini tusisahau kwamba wiki moja tu baadaye Bunge liliharakisha kuwapa maafisa hati za malipo ya mishahara ya miaka mitano. Machozi yalikauka kwenye karatasi za malipo. Askari wa chini hawakukumbukwa, na hao ndio waliolizunguka Bunge mwezi Juni.

Je, wajua nani aliiandika barua ile ya uchochezi? Ni Meja John Armstrong. Hakunyongwa wala hakufungwa. Miaka 30 baadaye alikuwa Waziri wa Vita wa Marekani, na ni katika uwaziri wake, Agosti 1814, Waingereza waliingia Washington wakaichoma Ikulu na jengo la Bunge. Alilazimika kujiuzulu kwa hilo.

Je, wajua kwamba Washington alipokwenda Annapolis tarehe 23 Desemba 1783 kurudisha madaraka ya ukuu wa jeshi, wabunge walibaki wameketi na kofia vichwani? Ilipangwa hivyo makusudi. Jenerali aliwainamia, wao walivua kofia kidogo na kuzirudisha, hawakumwinamia. Aliyekuwa kitini kama rais wa Bunge ni Thomas Mifflin, mmoja wa waliokuwa wakimnong'ona Washington wakati wa vita. Mwanajeshi maarufu kuliko wote nchini akasimama mbele ya mtu aliyemsengenya, akamkabidhi hati yake, akarudi nyumbani kwake Virginia kulima.

Je, wajua kwamba katiba ya Marekani inakataza kulitengea jeshi la nchi kavu fedha za zaidi ya miaka miwili kwa mkupuo? Jeshi la majini halina kikomo hicho. Waandishi wa katiba walikuwa wamesoma historia ya Uingereza na Roma wakajua kwamba meli haziwezi kupanda ngazi za Bunge, ila wenye buti wanaweza. Katiba hiyo hiyo ilimfanya rais, mtu wa kuchaguliwa, kuwa Amiri Jeshi Mkuu, lakini kutangaza vita kukaachiwa Bunge.

Nayo Marekebisho ya Tatu ya katiba yanakataza askari kulazwa nyumbani kwa raia wakati wa amani bila ridhaa ya mwenye nyumba. Mahakama ya Juu haijawahi kutoa hukumu iliyosimama juu ya kifungu hicho. Kesi inayotajwa zaidi haihusu hata vita: mwaka 1979 askari magereza wa New York waligoma, wanamgambo wa jimbo wakaletwa kushika zamu na kulazwa kwenye nyumba za waliogoma. Waliokuwa wakiishi humo wakaenda mahakamani.

Je, wajua kwamba mkuu wa jeshi la Marekani aliwahi kuwa jasusi wa Hispania? Hili linastahili kukaa nalo kidogo. Jenerali James Wilkinson alikula kiapo cha utii kwa mfalme wa Hispania mwaka 1787, akawa anapokea fedha zake kwa siri na kutajwa katika mawasiliano yao kama Namba 13. Pamoja na hayo alipanda vyeo mpaka akawa afisa wa juu kuliko wote jeshini, na marais kadhaa wakapita wakimwacha kazini. Alijihusisha na Aaron Burr, yule Makamu wa Rais aliyemuua Alexander Hamilton kwa bastola mwaka 1804, ambaye baada ya kutoka madarakani alianza kukusanya watu na mashua kuelekea magharibi. Wengine walisema anataka kumega nchi, wengine kwamba anaitaka Mexico. Wilkinson alipoona upepo umegeuka, alimwandikia Rais Jefferson na kumtosa mwenzake. Burr akashtakiwa kwa uhaini mjini Richmond mwaka 1807, akaachiwa huru. Wilkinson naye alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi mwaka 1811, akaachiwa vilevile. Ushahidi wa kumtia hatiani ulikuja kupatikana kwenye nyaraka za Hispania, mwenyewe akiwa kaburini Mexico.

Je, wajua kwamba marais 12 wa Marekani waliwahi kuwa majenerali? Washington, Jackson, Harrison wawili (babu na mjukuu), Taylor, Pierce, Andrew Johnson, Grant, Hayes, Garfield, Arthur na Eisenhower. Waliosomea uafisa West Point ni wawili tu, Grant na Eisenhower. Wengine wengi walikuwa wanasheria, wanasiasa au wakulima waliovaa magwanda vita vilipoita. Hapa ndipo nionapo siri moja ya utulivu wa nchi hiyo. Jenerali mwenye tamaa ya Ikulu hakuhitaji vifaru. Alihitaji chama, farasi mweupe kwenye bango la kampeni, na subira ya miezi michache.

Mfano mzuri ni mwaka 1880. Majenerali wawili wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, James Garfield na Winfield Scott Hancock, waligombea urais. Hancock alikuwa bado jeshini, akiongoza askari na kupokea mshahara wake. Katika kura karibu milioni 9 nchi nzima, tofauti yao haikufika 10,000. Kwingineko duniani huo ungekuwa usiku wa redio kucheza nyimbo za kijeshi. Hancock alihudhuria sherehe za kumwapisha Garfield kisha akarudi kazini.

Je, wajua kwamba Abraham Lincoln aliwahi kuwasainisha mawaziri wake karatasi ambayo hawakuisoma? Ilikuwa tarehe 23 Agosti 1864. Vita vilikuwa vibaya, na mpinzani wake katika uchaguzi wa Novemba angekuwa Jenerali George McClellan, aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi na kuondolewa na Lincoln huyo huyo. Lincoln alikunja karatasi, akawaambia mawaziri wasaini kwa nyuma. Ndani alikuwa ameandika kwamba inaelekea atashindwa, na kwamba itakuwa wajibu wake kushirikiana na rais mteule kuiokoa nchi kabla ya makabidhiano. Kuahirisha uchaguzi hakukuwamo katika karatasi hiyo. Atlanta ikaanguka Septemba, hali ikageuka, na kura za askari, ambao McClellan aliwadhani ni wake, zikamwendea Lincoln kwa wingi mkubwa. McClellan alipata majimbo matatu.

Je, wajua kwamba mwaka 1877 jeshi la Marekani lilikaa miezi bila mshahara na halikuzunguka jengo lolote? Chama cha Democratic katika Baraza la Wawakilishi kilikataa kupitisha fedha za jeshi lililokuwa likitumika kulinda serikali za Republican kwenye majimbo ya Kusini. Kuanzia Julai hadi Novemba maafisa waliishi kwa kukopa. Na katika kipindi hicho hicho askari hao walitumwa kutuliza mgomo mkubwa wa reli.

Mwaka uliofuata, 1878, Bunge lilipachika ndani ya muswada wa fedha za jeshi kifungu kinachokataza kulitumia jeshi kama polisi wa kutekeleza sheria, isipokuwa pale katiba au Bunge liliporuhusu. Ni sheria inayosifiwa sana leo kama ngao ya raia. Isifiwe, lakini msomaji ajue ilizaliwaje: Wazungu wa Kusini walitaka askari wa serikali kuu waondoke kwenye vituo vya kura, ili watu weusi waliotoka utumwani juzi wabaki bila mlinzi. Aliyeitia saini ni Rais Hayes, naye ni jenerali.

Sheria hiyo ingali hai. Juni 2025, Rais Trump alipeleka Los Angeles askari wapatao 4,000 wa Walinzi wa Taifa na wanamaji 700, gavana wa California akipinga. Haikuwahi kutokea tangu 1965 rais kuwachukua walinzi wa jimbo bila gavana kuomba. Septemba mwaka huo jaji wa mahakama ya shirikisho alihukumu kwamba matumizi yale yalivunja sheria ya 1878.

Je, wajua kwamba Marekani imewahi kupinduliwa kwa bunduki, na waliopindua wakashinda? Haikuwa Washington. Ilikuwa Wilmington, jimbo la North Carolina, tarehe 10 Novemba 1898. Mji ule ulikuwa na watu weusi wengi kuliko weupe, ulikuwa na maduka yao, mafundi wao, madiwani wao na gazeti lao, Daily Record la Alex Manly. Serikali yake ilikuwa ya mseto wa weusi na weupe, iliyochaguliwa kihalali. Asubuhi ile umati wa Wazungu wenye silaha, ukiongozwa na Alfred Waddell, mbunge wa zamani aliyepigania upande wa watetezi wa utumwa, ulikwenda kulichoma jengo la gazeti. Kisha ukaingia mitaani kuua. Vikosi vya wanamgambo vya mji, vile vilivyopaswa kulinda amani, vilishiriki. Jioni yake meya na madiwani walilazimishwa kujiuzulu mmoja mmoja kwa mtutu, na Waddell akawa meya. Makadirio ya wanahistoria ya waliouawa yanafika makumi; wengi walikimbilia kwenye vinamasi na makaburini na hawakurudi tena mjini.

Rais McKinley hakutuma askari. Hakuna aliyeshtakiwa. Weusi walioandikishwa kupiga kura katika jimbo hilo walikuwa zaidi ya 120,000 mwaka 1896. Kufikia 1902 walikuwa wamebaki kama 6,000. Mbunge wa mwisho mweusi kutoka jimbo hilo, George Henry White, aliondoka Bungeni mwaka 1901, na jimbo halikumchagua mweusi mwingine mpaka 1992. Kwa miongo mingi vitabu vya shule viliyaita mauaji hayo ghasia za watu weusi. Kwa hiyo unaposoma kwamba Marekani haijui mapinduzi, uliza kwanza anayesema hivyo anahesabu miji ya akina nani.

Wala Wilmington haikuwa pekee. Septemba 1874 wanamgambo wa White League, maelfu kwa maelfu, waliwashinda polisi wa New Orleans barabarani na kumpindua gavana wa Louisiana. Walitawala siku tatu, mpaka Rais Grant alipotuma jeshi. Mnara wa kuwasifu wapinduzi hao ulijengwa mwaka 1891 ukasimama mjini humo hadi Aprili 2017.

Na Hawaii? Ilikuwa ufalme huru. Januari 1893 wafanyabiashara na wakulima wa miwa wenye asili ya Marekani na Ulaya walimwondoa Malkia Liliuokalani, huku askari na mabaharia 162 wa meli ya kivita ya Boston wakiwa wameshuka bandarini Honolulu. Bunge la Marekani liliomba radhi rasmi mwaka 1993, miaka 100 baadaye. Radhi ilikuwa ya maneno, visiwa havikurudishwa.

Je, wajua kwamba mwaka 1946 askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili walivamia jela ili kuokoa masanduku ya kura? Ni Athens, mji mdogo wa Tennessee. Genge la kisiasa lililoshika ofisi ya polisi ya kaunti lilichukua masanduku likajifungia nayo jela ili lihesabu peke yake. Vijana waliorudi vitani walichukua bunduki kwenye ghala la wanamgambo, wakaongeza baruti, na usiku ule wakaikomboa jela. Kura zikahesabiwa. Wagombea wao walishinda.

Je, wajua ni nani walikuwa upande wa pili mwaka 1932, wakati jeshi lilipowapiga maveterani wake mjini Washington? Maveterani wa Vita Kuu ya Kwanza, zaidi ya 15,000, wengi wakiwa na wake na watoto, walipiga kambi mjini wakidai bonasi waliyoahidiwa kulipwa mwaka 1945. Njaa ya miaka ile isingewafikisha mwaka huo. Tarehe 28 Julai Jenerali Douglas MacArthur aliwaendea kwa farasi, vifaru na mabomu ya machozi. Kando yake alikuwa Meja Dwight Eisenhower; kati ya wapanda farasi alikuwemo Meja George Patton. Rais Hoover alituma agizo kwamba wasivuke daraja la mto Anacostia. MacArthur akavuka, vibanda vikateketea. Hoover hakumwadhibu, akalipia kosa hilo katika uchaguzi wa Novemba. Bonasi ililipwa mwaka 1936, Bunge likipita juu ya kura ya turufu ya Rais Roosevelt.

Wakati huo huo kulikuwa na jenerali mwingine aliyekwenda kambini kwa maveterani kuwaunga mkono: Smedley Butler wa kikosi cha wanamaji, mstaafu mwenye Nishani ya Heshima mara mbili. Mwaka 1934 aliliambia chini ya kiapo jopo la Bunge kwamba wakala mmoja wa biashara ya hati za fedha alimtaka aongoze jeshi la maveterani nusu milioni kumlazimisha Roosevelt akabidhi madaraka. Magazeti makubwa yalimcheka. Jopo lilisema mipango ya namna hiyo ilijadiliwa kweli. Hakuna aliyefikishwa mahakamani. Kama wenye fedha walitaka mtu wa kuwapindulia serikali, walimchagua mtu asiyefaa kabisa: mwaka uliofuata Butler alichapisha kijitabu cha kuvishambulia vita kama biashara ya matajiri.

Je, wajua kwamba walinzi wale wale waliowazuia watoto weusi kuingia shule ndio waliogeuzwa kuwalinda? Little Rock, Arkansas, Septemba 1957. Gavana Faubus aliwapanga Walinzi wa Taifa mlangoni ili wanafunzi tisa weusi wasiingie. Rais Eisenhower, aliyekuwa hapendi kabisa kutumia jeshi ndani ya nchi, alituma askari wa miavuli wa Divisheni ya 101 na kuwaweka walinzi wote wa jimbo chini ya amri yake. Walibadilishiwa amri wakiwa na sare zile zile.

Sasa tuje kwa MacArthur, maana bila yeye safu hii haijakamilika. Mwaka 1951 alikuwa akiongoza majeshi huko Korea na alitaka vita vipanuliwe mpaka China. Rais Truman hakutaka. MacArthur akawa anazungumza na magazeti, kisha barua yake ya kumpinga rais ikasomwa ndani ya Baraza la Wawakilishi tarehe 5 Aprili. Tarehe 11 Truman akamfukuza kazi. Truman mwenyewe alikuwa kapteni wa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza na mwenye duka la nguo lililofilisika. MacArthur alikuwa jenerali wa nyota tano aliyepokea utii wa Japani. Nchi ilimlilia jenerali. New York ilimmwagia karatasi kutoka maghorofani, Bunge likamkaribisha kuhutubia, na umaarufu wa Truman ukaporomoka hadi kiwango ambacho marais wachache wamewahi kukifikia.

Kilichoamua mambo ni kile kilichofuata. Seneti iliwaita wakuu wa majeshi, mmoja baada ya mwingine, wanajeshi wa maisha, nao wakasimama na rais. Jenerali Omar Bradley aliwaambia kwamba mpango wa MacArthur ungeliingiza taifa katika vita visivyo vyake, mahali pasipostahili na wakati usiofaa. Laiti makamanda wale wangenyamaza tu, sijui kama Truman angesimama. MacArthur aliutaka urais mwaka 1952. Chama chake kikamchagua aliyekuwa msaidizi wake siku ile ya mto Anacostia, Eisenhower.

Je, wajua kwamba Rais Kennedy alisaidia kutengenezwa kwa filamu ya majenerali wanaompindua rais? Inaitwa Seven Days in May, imetokana na riwaya ya mwaka 1962. Pentagon haikuipenda. Kennedy aliipenda, akasafiri mwishoni mwa juma ili wapiga picha wapate nafasi nje ya Ikulu. Filamu ilitoka mwaka 1964, yeye akiwa ameshauawa.

Je, wajua kwamba afisa wa jeshi la Marekani haapi kumtii rais? Kiapo chake ni kwa katiba peke yake. Askari wa kawaida huapa kuilinda katiba na pia kutii amri za rais na za wakubwa wake. Kwa upande mwingine, afisa akimtolea rais au Bunge maneno ya dharau anaweza kufikishwa mahakama ya kijeshi. Jenerali George Marshall alikwenda mbali zaidi: hakupiga kura kabisa. Akiulizwa chama chake alijibu kwamba baba yake alikuwa Democrat, mama yake Republican, na yeye ni mwumini wa kanisa la Episcopal.

Marshall huyo ndiye wa kwanza kupewa ruhusa maalumu ya kuwa Waziri wa Ulinzi, mwaka 1950, kwa sababu sheria ya 1947 ilitaka anayeshika wizara hiyo awe amevua magwanda kwa miaka 10. Baadaye ilipunguzwa kuwa miaka saba. Bunge lilisema ruhusa ile ni ya Marshall tu. Likaitoa tena kwa James Mattis mwaka 2017 na kwa Lloyd Austin mwaka 2021.

Je, wajua kwamba mwaka 1974, Rais Nixon akiwa ukingoni mwa kuanguka, iliripotiwa kuwa Waziri wa Ulinzi James Schlesinger aliagiza makamanda wasitekeleze amri yoyote isiyo ya kawaida kutoka Ikulu bila kumwuliza kwanza? Wapo wanaomsifu. Ukiisoma vizuri, hiyo nayo ni kuchezea ngazi ya amri.

Je, wajua kwamba kuna wakati jeshi husema fedha hizi hatuzitaki na wanasiasa wakalilazimisha kuzipokea? Mwaka 2012 Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, Jenerali Raymond Odierno, aliliambia Bunge kwamba vifaru vya Abrams vilivyopo vinatosha. Bunge likatenga fedha za kuendelea kuvishughulikia. Kiwanda chenyewe kiko Lima, Ohio, jimbo ambalo wakati ule wagombea urais wote walilibembeleza. Eisenhower alikuwa ametahadharisha kuhusu ndoa hiyo ya jeshi na viwanda vya silaha katika hotuba yake ya kuaga ya tarehe 17 Januari 1961. Ukitafuta ushawishi wa jeshi Marekani usiutafute kwenye kambi; utafute kwenye ajira za wilaya ya mbunge.

Je, wajua kwamba Bunge la Marekani halijatangaza vita rasmi tangu Juni 1942? Korea, Vietnam, Iraki, Afghanistan, zote zilipiganwa bila tangazo hilo. Mwaka 2001 lilipitisha idhini fupi ya kupambana na waliohusika na Septemba 11. Aliyepiga kura ya hapana alikuwa mmoja tu, Barbara Lee wa California. Idhini hiyo ndiyo serikali ya Marekani imekuwa ikiitaja inapopigana na al-Shabaab, kundi ambalo mwaka 2001 halikuwepo. Januari 2020 kundi hilo lilipovamia kambi ya Manda, Lamu, na kuua Wamarekani watatu, wengi katika nchi yao waliuliza kwanza Lamu iko wapi.

Je, wajua kwamba tarehe 3 Januari 2021 mawaziri wa ulinzi wastaafu wote 10 waliokuwa hai, wa vyama vyote viwili, walitia saini makala moja gazetini kusema jeshi halina nafasi ya kuamua mshindi wa uchaguzi? Siku tatu baadaye Bunge likavamiwa. Tarehe 12 wakuu wote wa majeshi waliwaandikia askari wao kwamba uvamizi ule ulikuwa kinyume cha katiba na kwamba Joe Biden ataapishwa tarehe 20. Aliapishwa, mji ukilindwa na Walinzi wa Taifa wapatao 25,000, mara tano ya askari ambao Marekani ilikuwa nao Iraki na Afghanistan kwa pamoja wakati ule. Makabidhiano yanayohitaji ulinzi wa namna hiyo ni vigumu kuyaita ya amani kwa kinywa kipana.

Na la mwisho: Je, wajua kwamba tarehe 5 Septemba 2025 Rais Trump alisaini amri ya kuirudishia Wizara ya Ulinzi jina lake la zamani, Wizara ya Vita, lililotumika kuanzia 1789 hadi 1947? Mabango ya Pentagon yalibadilishwa upesi. Lakini amri yenyewe ililiweka kama jina la pili, kwa kuwa jina rasmi limo ndani ya sheria, na sheria hubadilishwa na Bunge.